Saa za Kwanza za Mgonjwa Hospitalini

Katika mabasi yanayoshusha abiria Kencom, katikati ya jiji la Nairobi, na katika vibanda vya chai vya Kangemi na Kawangware, liko neno moja linalosikika mara kwa mara. Husemwa ya kuwa mtu fulani aliugua nyumbani siku tatu naye alikuwa hai, lakini alipopelekwa hospitali hakumaliza hata usiku mmoja. Kisha msemaji hutikisa kichwa na kumalizia, "Afadhali wangalimwacha nyumbani."

Neno hili si la kuchekwa, wala si la kupuuzwa. Msemaji ameona kwa macho yake: mgonjwa aliingia hospitali jioni, na asubuhi maiti ikatolewa. Aliyoyaona ni kweli, ila sababu aliyoitoa siyo. Tena kosa hili lina hatari kubwa, kwa maana mwenye kuogopa hospitali hukawia kwenda. Mwenye kukawia hufika akiwa mahututi. Na afikaye akiwa mahututi huweza kufa siku ile ile. Kifo hicho huwatia hofu majirani, nao wakiuguliwa hukawia vivyo hivyo. Ni kama gurudumu lizungukalo: kifo cha mapema huzaa hofu, hofu huzaa kukawia, na kukawia huzaa kifo kingine cha mapema.

Somo hili linaeleza kwa nini wagonjwa wengi, hasa watoto, hufa katika siku moja au mbili za kwanza, ni vifo vipi vinavyoweza kuzuiwa, na ni mahali gani gurudumu hilo laweza kusimamishwa. Msomaji ataona ya kuwa kazi hiyo haiko kwa wazazi peke yao, wala haiko kwa madaktari peke yao.

HESABU ZA KILIFI

Ushahidi ulio wazi ulipatikana Kilifi, katika pwani ya Kenya. Tangu Agosti 1998 hata Julai 2002, watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa katika hospitali ya wilaya huko walitolewa damu kidogo walipoingia, nayo ikapimwa ili ionekane kama ina vijidudu vya bakteria. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2005. Katika watoto waliokutwa na bakteria katika damu na ambao baadaye walifariki, karibu theluthi moja walifariki siku ile ile waliyolazwa. Wakihesabiwa waliofariki ndani ya siku mbili, walikuwa karibu saba katika kila kumi.

Maana ya hesabu hizo ni rahisi kufahamu. Dawa ya kuua bakteria ni dawa nzuri, lakini haifanyi kazi kama mtu azimaye mshumaa kwa pumzi moja. Inahitaji muda. Watoto wengi wa Kilifi walikufa kabla dawa haijapata muda huo. Kwa hiyo haitoshi kuwa na dawa katika stoo ya hospitali, wala haitoshi kuwa na daktari hodari atakayepita wodini kesho yake asubuhi. Saa za kwanza ndizo zinazokata shauri.

Hata hivyo katika elimu ya kuhesabu vifo vya hospitali iko desturi ya zamani ya kuweka kando wale waliofariki kabla ya kutimiza saa 48 tangu kulazwa. Hoja yake ni kwamba watu hao walifika wakiwa wamekwisha shindwa, basi si haki kuilaumu hospitali. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini ina hasara kubwa. Mwenye duka akiacha kuhesabu mali inayopotea mlangoni, hatajua kamwe kwamba mlango wake ni mbovu. Wale wanaowekwa kando katika hesabu ndio hasa ambao wengi wao wangaliweza kuokolewa.

KWA NINI MWILI HUZIMIKA UPESI

Mwili wa mtu waweza kulinganishwa na taa ya kandili. Taa haizimiki kwa sababu moja tu: huzimika kwa kukosa mafuta, na huzimika pia kwa kukosa hewa, hata kama mafuta yamejaa. Vivyo hivyo maradhi ni mengi, lakini njia zinazoleta kifo cha haraka ni chache, nazo zafaa kujulikana.

Ya kwanza ni kukosa hewa. Katika nimonia, yaani kichomi, mapafu hujaa ugonjwa, na oksijeni haipiti vema kuingia katika damu. Mtoto hupumua mbio, pua zikatanuka, na sehemu ya chini ya kifua ikaingia ndani kila avutapo pumzi. Macho peke yake hayawezi kupima upungufu huo sawasawa, hata macho ya daktari. Ndiyo sababu kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho asili yake ni kazi ya mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, kimekuwa chombo cha thamani katika chumba cha kupokelea wagonjwa. Kikionyesha oksijeni chini ya sehemu 90 katika 100, mgonjwa anahitaji kupewa oksijeni papo hapo, na uchunguzi mwingine ufuate.

Ya pili ni kukosa damu. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto aweza kupungukiwa damu sana kwa siku chache tu. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya wilaya ya Siaya, na kuchapishwa mwaka 1992, ulionyesha jambo la kuzingatiwa: kuongezewa damu kuliwafaa watoto waliopungukiwa sana, hasa waliokuwa wakipumua kwa shida, tena kulifaa pale tu damu ilipotolewa mapema, siku ya kulazwa au muda mfupi baada yake. Damu iliyochelewa haikuleta faida ile. Basi mtu mwenye afya anayejitolea damu wiki hii, amekwisha msaidia mtoto wa wiki ijayo ambaye hatakuwa na nafasi ya kungoja ndugu zake watafutwe.

Ya tatu ni kukosa sukari katika damu. Mtoto mgonjwa ambaye hakula wala kunyonya tangu jana huweza kulegea, akapoteza fahamu au akapatwa na degedege, kumbe ubongo wake umekosa chakula. Tone la damu hupimwa kwa dakika moja, na dawa yake ni glukosi, ambayo si ghali. Ni huzuni mtu kufa kwa jambo dogo kama hilo.

Ya nne ni kukosa maji, kama ilivyo kwa mtoto anayeharisha hata macho yake yakaingia ndani na utosi ukabonyea. Kwa mtoto mchanga iko na ya tano, nayo ni baridi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akiachwa bila kufunikwa au bila kuwekwa kifuani kwa mama yake, hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima awezavyo kufikiri.

Yote hayo yana tabia moja. Yanaweza kutambuliwa kwa dakika chache na mtu aliyefundishwa, na yanaweza kuanza kutibiwa kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Taa inapofifia, mwenye busara hatii mkono katika karatasi za duka alikoinunua. Kwanza hutia mafuta.

SAA 13 ZA MTOTO MMOJA

Mathalani, msomaji amfikirie mama mmoja wa Kangemi ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu ana homa tangu Jumapili. Jumatatu mama alinunua dawa ya maji katika duka la dawa, kiasi cha fedha alizokuwa nazo. Jumanne, saa tatu usiku, mtoto akaanza kupumua mbio. Baba yu kazini mjini, ni bawabu wa usiku karibu na Moi Avenue, na simu yake haipatikani. Jirani mmoja anashauri wangoje kupambazuke. Saa kumi na moja alfajiri mtoto anakataa titi. Mama anambeba mpaka Waiyaki Way, anapata matatu ya kwenda mjini, anashuka, anatafuta gari la pili, na saa moja asubuhi anafika penye lango la hospitali. Humo ndani anakuta watu wengi wametangulia: mwenye jino, mwenye kidonda cha mguu, mwenye kuja kuchukua dawa ya mwezi. Anakaa nyuma yao. Inatafutwa kadi, inalipiwa, na saa nne mtoto anaonwa na daktari.

Katika habari hii hakuna mtu mbaya hata mmoja. Mama anampenda mtoto wake, jirani alisema neno lililoonekana la busara usiku wa giza, na karani wa kadi alifuata zamu. Lakini zimepita saa 13 tangu mtoto alipoanza kupumua mbio. Saa 8 zilipotea nyumbani, saa 2 zilipotea njiani, na saa 3 zilipotea mlangoni mwa hospitali.

Mgawanyo huu wa nyumbani, njiani na hospitalini si wa kubahatisha. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala juu ya vifo vya wanawake katika uzazi, wakaonyesha ya kuwa kukawia ni kwa namna tatu: kukawia kuamua, kukawia kufika, na kukawia kuhudumiwa baada ya kufika. Tangu hapo mgawanyo huo umetumiwa katika nchi nyingi, si kwa wazazi tu bali kwa wagonjwa wa kila namna.

Kukawia kuamua kuna mizizi mirefu. Mahali pengine mama hana ruhusa ya kuondoka na mtoto mpaka baba au mama mkwe akubali. Mahali pengine ni fedha. Katika pwani, degedege limedhaniwa tangu zamani kuwa ni kazi ya shetani au ndege apitaye usiku, na kwa hiyo mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Kukawia kufika, watu wa mashambani hukujua vema, kwa kuwa hospitali huenda ikawa safari ya nusu siku. Lakini mtu wa mjini naye hasalimiki. Kutoka Kangemi hata Hospitali Kuu ya Kenyatta ni kilomita chache, lakini vichochoro vya nyumba za mabati havipitishi gari, usiku una wezi, na asubuhi magari husongamana. Namna ya tatu ya kukawia ndiyo inayosikitisha kuliko zote, maana hapo mgonjwa amekwisha fika, na dawa iko upande wa pili wa ukuta.

FOLENI ILIYO HAKI NA FOLENI ISIYO HAKI

Watu wamefundishwa kuheshimu foleni, na ni vema. Posta, benki na kituo cha basi, aliyetangulia hutangulia, na mwenye kupenya hulaumiwa. Lakini mlangoni mwa hospitali, foleni ya namna hiyo huweza kuwa dhuluma. Mwenye jino aweza kungoja saa tatu akaumia, lakini hatakufa. Mtoto asiyeweza kunyonya hana saa tatu.

Wakazi wa Nairobi walijifunza jambo hili kwa uchungu tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani, mahali ambapo Moi Avenue hukutana na Haile Selassie Avenue. Watu zaidi ya 200 waliuawa, na maelfu wakajeruhiwa. Siku kama hiyo hakuna hospitali iwezayo kusema aliyetangulia atangulie. Lazima wagonjwa wapangwe kwa uzito wa hali zao. Basi linalofaa siku ya msiba mkuu lafaa pia siku ya Jumatano ya kawaida, kwa kuwa kwa mama mwenye mtoto mahututi kila siku ni siku ya msiba mkuu.

Kupanga huku si kazi ngumu. Mwuguzi mmoja aliyefundishwa hupita katika foleni na kumtazama kila mtoto. Hutazama kama anapumua vema. Kama mikono yake ni ya baridi na mapigo ya moyo ni dhaifu. Kama amepoteza fahamu au ana degedege. Na kama amekaukiwa na maji. Mwenye dalili yoyote katika hizo huchukuliwa papo hapo hata chumba cha dharura, na kadi huandikwa baadaye. Wa pili ni wale wanaohitaji kuonwa mapema, kama mtoto mchanga sana, mwenye kukonda mno, au aliyeungua. Waliobaki hungoja zamu yao.

Faida yake imeonekana. Katika hospitali kubwa ya Queen Elizabeth huko Blantyre, nchini Malawi, idara ya watoto ilipangwa upya: watoto wakawa wanatazamwa mara wanapofika, matibabu ya dharura yakaanza katika chumba cha kupokelea, na wauguzi wakafundishwa. Habari zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kwamba kabla ya mpango huo, katika kila watoto 100 waliolazwa, kati ya 10 na 18 walifariki. Baada yake hesabu ilishuka ikawa kati ya 6 na 8. Hospitali ilikuwa ile ile, na nchi ilibaki kuwa maskini. Kilichobadilika hasa ni utaratibu wa mlangoni.

Nchini Kenya, Wizara ya Afya ilitoa mwaka 2005 kijitabu cha mfukoni chenye kanuni za kuwatibu watoto waliolazwa, nacho kimetolewa upya mara kadhaa tangu wakati huo. Pamoja nacho yakaanzishwa mafunzo ya siku chache kwa madaktari na wauguzi juu ya kupanga wagonjwa na matibabu ya dharura. Hata hivyo kijitabu hakiwezi kumwona mgonjwa. Siku ya zamu mwuguzi akiwa mmoja na wagonjwa mia, kanuni njema hubaki mfukoni.

SI KILA HARAKA INAYOOKOA

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba kila jambo likifanywa upesi litafaa. Sivyo, na somo hilo lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi madaktari duniani waliamini ya kuwa mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vema anafaa kumiminiwa maji mengi mshipani kwa haraka. Tangu 2009 hata 2011, Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Watumishi walifundishwa kwanza namna ya kupanga wagonjwa. Kisha watoto wengine walimiminiwa maji upesi, na wengine hawakumiminiwa, bali walipewa maji ya kadiri pole pole pamoja na dawa zao.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji, walifariki zaidi ya 10. Kati ya kila 100 wasiomiminiwa, walifariki 7. Kazi hiyo ilisimamishwa kabla ya kwisha, ili mtoto mwingine asidhurike. Yafaa ifahamike ya kuwa watoto waliokaukiwa kwa sababu ya kuharisha hawakuwamo katika hesabu hiyo. Hao wangali wanahitaji maji, tena bila kukawia.

Fundisho lake ni kubwa. Mlango wa hospitali wahitaji haraka na maarifa pamoja. Tena maarifa hayo hayakuweza kuletwa yakiwa tayari kutoka nchi nyingine. Yalipatikana kwa kuhesabu kwa uaminifu, katika hospitali zetu, ni nani aliyeishi na ni nani aliyekufa.

SHERIA NA FEDHA

Jambo lingine linalowafanya watu wakawie ni hofu ya kurudishwa langoni kwa sababu ya fedha. Kila raia yafaa ajue kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imesema wazi ya kuwa mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaeleza zaidi, kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuwa mbaya, na kumpeleka penye huduma kubwa zaidi ikihitajika.

Lakini sheria katika karatasi na kitanda katika wodi ni vitu viwili. Oktoba 2015, mtu mmoja aliyegongwa na gari upande wa magharibi wa Nairobi alikaa karibu saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi katika hospitali mbalimbali. Alipopokelewa mwishowe hakuishi. Jambo hilo liliudhi nchi nzima, na kwa haki. Mtu huyo hakukawia kuamua, wala hakukosa gari. Alikufa kwa kukawia kwa namna ya tatu. Gurudumu lililotajwa hapo mwanzo haliwezi kusimamishwa kwa kuwahubiria wazazi tu. Wenye hospitali na wenye Serikali nao wana upande wao wa kushika.

YAFAAYO KUJULIKANA NYUMBANI

Upande wa nyumbani, mambo haya yafaa yajulikane na kila mzazi, na kila yaya anayeachiwa mtoto:

1. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea hata haamki vema, apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Hali kadhalika mtoto anayepumua kwa shida au ambaye kifua chake kinaingia ndani. Dalili moja yatosha, zisingojwe mbili.

2. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, au ambaye mwili wake ni wa moto sana au wa baridi, ni mgonjwa wa dharura, hata kama halii.

3. Mama aliyejifungua akatokwa na damu nyingi, au mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa na macho kuona giza, asiambiwe apumzike kwanza.

4. Shauri likatwe kabla ya ugonjwa. Baba na mama wapatane leo ya kuwa yeyote aliye nyumbani ana ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kungoja mwenziwe. Wajue kituo cha afya kilicho karibu ambacho hufunguliwa usiku, wamjue jirani mwenye gari, na waweke akiba ya nauli isiyoguswa kwa jambo lingine. Namba za simu za dharura, 999 na 112, zikaririwe.

5. Njiani mtoto anyonyeshwe ikiwa anaweza. Asiyeweza kunyonya lakini anameza vema apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, au maji safi yenye sukari, kidogo kidogo. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani. Mwenye degedege alazwe ubavu, wala asifukizwe moshi. Mtoto mchanga abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa.

6. Langoni mzazi asinyamaze. Aseme kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wangu hanyonyi, na anapumua kwa shida." Maneno hayo machache humsaidia mwuguzi kuliko masimulizi marefu. Nao waliotangulia wampishe. Kumpisha mgonjwa mahututi hakumpunguzii mtu heshima yake.

MWISHO WA SOMO

Sasa msomaji amrudie yule mama wa Kangemi. Ugonjwa ni ule ule, nyumba ni ile ile, na mshahara wa baba haukuongezeka. Lakini safari hii baba na mama walikwisha patana, na mama anajua maana ya kupumua mbio. Saa tatu na nusu usiku anagonga kwa jirani mwenye gari. Saa nne wanafika hospitali, na mwuguzi wa zamu anamtazama mtoto kabla hajaulizwa jina. Kipimo kinabanwa kidoleni, oksijeni inafunguliwa, tone la damu linapimwa, na sindano ya kwanza inachomwa kabla ya saa tano. Zile saa 13 zimekuwa karibu saa 2. Hakuna awezaye kuahidi ya kuwa kila mtoto wa namna hiyo atapona. Ila dawa yake imepewa muda wa kufanya kazi, na huo ndio muda waliokosa wengi wa wale waliokufa Kilifi.

Na akipona, habari zake nazo zitasimuliwa katika vibanda vya chai. Majirani watamwona akicheza uani, na safari nyingine hawatangoja kupambazuke. Hivyo ndivyo gurudumu lile lile huanza kuzunguka upande wa pili. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Neno hilo wazazi walisikie, na madaktari, makarani na watawala nao walisikie, kwa maana mwana huyo ni wa wote.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini dawa nzuri yaweza isimwokoe mgonjwa aliyechelewa?
2. Taja namna tatu za kukawia, na utoe mfano wa kila moja kutoka mtaani au kijijini kwako.
3. Kwa nini foleni iliyo haki Posta yaweza kuwa dhuluma hospitalini?
4. Ni mambo gani yanayofaa kupatanwa nyumbani kwako leo, kabla mtu hajaugua?